Buibui wa Ngenge na Mate Yake Yanayoganda

Tangu Ijumaa, kila anayepita mlangoni kwangu hapa Kahororo ananiuliza swali lile lile: ni kweli ulikwenda mpaka Ngenge kutafuta buibui? Ni kweli. Dada yangu anataka barua, Restituta wa Rubya anataka barua, na walimu wenzangu kila mmoja anataka asimuliwe peke yake wakati wa chai. Nimeamua kuandika mara moja tu, nanyi mpokezane.

Chanzo mnakijua nusu nusu. Katika kitabu chetu cha biolojia kuna ukurasa mmoja juu ya mnyama mlaini kama kitambaa cha mahameli, mwenye vijiguu vifupi vingi, anayekaa chini ya magogo yaliyooza katika misitu ya mbali. Akiona mdudu, anamrushia ute kutoka matundu mawili karibu na mdomo. Ndani ya mwili ute ule ni majimaji, sehemu kubwa ni maji, na ndani yake mna protini. Ukirushwa nje na kuvutwa, protini zinashikana, ute unakuwa nyuzi zinazonata, na mawindo hayaendi popote. Wanafunzi wa kidato cha pili walipenda ukurasa ule kuliko kitabu kizima. Wakauliza kama yuko huku kwetu. Nikawaambia sijapata kusikia. Ndipo Adventina akanyoosha mkono akasema kwa bibi yake Ngenge yuko buibui anayetema hivyo hivyo, na nzi anabaki amegandishwa ukutani.

Niliandika maneno yake ubaoni na chini yake nikaandika: tuchunguze. Bahati mbaya, siku hiyo mkaguzi alikuwa ameketi nyuma ya darasa. Katika andalio langu la masomo aliandika kwa wino mwekundu: "Mwalimu anafundisha hekaya."

Mkuu wa shule aliniita. Akasema mkutano wa kufunga muhula ni Ijumaa ya wiki ijayo. Nikiwa na huyo buibui, nimlete mezani walimu wote wamwone. Nisipokuwa naye, mwakani sayansi itachukuliwa na mwanamume aliyeomba kuhamia kwetu, nami nitapewa darasa la upishi. Alisema kwa upole, kama mtu anayenifanyia hisani. Niliwaka. Kemia na biolojia nimezisomea miaka mitatu, kidole changu cha shahada kina baka la manjano la asidi ya nitriki mpaka leo. Kupika nilifundishwa na mama yangu bure.

Habari za ruhusa na vyeti vya safari naziruka. Jumamosi asubuhi niliondoka.

Kahororo hadi Muleba

Nilibeba kopo la maziwa ya unga nililolitoboa vitundu kifunikoni, lenzi ya mkononi, kanga mbili na ndizi za kuchoma. Katika basi niliketi na Bwana Shomari, mfanyabiashara wa vitambaa pale mjini, mtu mzima wa kofia safi. Kabla hatujafika hata Kemondo alikuwa amekwisha kuligeuza kopo langu mara tatu.

"Mwalimu, senene hawafungwi ndani ya bati. Watanuka. Wanafungwa kwa jani."

Nikamwambia si la senene, ni la buibui.

"Wa dawa?"

"Wa kufundishia."

"Msimu wa senene huu, watu wote wanatafuta senene, wewe unatafuta buibui," akasema, na kuwageukia abiria wa nyuma ili wasikose habari.

Mbele kidogo, basi lilisimama. Nilidhani ni pancha. Kumbe senene walikuwa wameshuka kwenye majani pande zote mbili za barabara, kijani na kahawia, wengi mno, na dereva mwenyewe alikuwa wa kwanza kuruka chini akiwa na kofia yake mkononi. Mnajua hali yetu. Hakuna Mhaya atakayepita senene walioshuka hata kama nyumba yake inaungua. Basi zima lilimwagika nje. Wengine walikusanya kwa vikapu, wengine kwa mashati. Bwana Shomari, ambaye asili yake ni Tanga na alikuwa akitucheka, alirudi na kanga yangu moja imejaa.

Tulikaa pale zaidi ya saa mbili. Na mimi nilikusanya, siwezi kudanganya, mikono ilikwenda yenyewe. Wanawake tuliketi kwenye majani tukinyofoa mabawa na miguu, tukifunga kwa majani ya mgomba, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa akifikiri kwamba atakula. Nyumbani kwetu ilikuwa hivyo hivyo. Nimekusanya senene tangu nikiwa na miaka mitano, nimewanyofoa, nimewakaanga, nimempelekea baba na kaka zangu, na harufu yake naijua kama harufu ya mama. Sikuwahi kuonja. Mwanamke wa Kihaya hali senene, na kwa nini hali, ukiuliza unaambiwa ndivyo ilivyo. Nilikuwa mtoto mwenye kuuliza sana, na jibu hilo lilinikera kuliko kofi. Mafungu yangu nilimpa dereva ili tuondoke.

Muleba tulifika jua limeshainama, na lori la Rubya lilikuwa limeondoka.

Muleba hadi Rubya

Jumapili hakuna lori. Jumatatu lilikuwapo lori la kahawa lakini dereva wake alikuwa msibani mpaka mchana. Nililala siku mbili kwa mama mmoja mjane anayepangisha chumba karibu na soko. Kila nilipouliza habari za usafiri aliniletea sahani nyingine ya ndizi na maharage, akisema mtu aliyeshiba haulizi maswali. Nilishiba, na niliendelea kuuliza. Siku zilikuwa zinakwisha na nilikuwa bado sijamwona hata buibui wa kawaida.

Jumatatu mchana nilipanda juu ya magunia ya kahawa na watu wengine sita. Kilima cha mwisho lori lilikataa, tukashuka tukasukuma. Nilipofika kwa Restituta nilikuwa na matope mpaka kiunoni. Restituta, kwa wasiomjua, nilisoma naye, na sasa ni muuguzi. Alinitazama pale mlangoni akasema, "Ukimkosa huyo buibui, angalau utakuwa umejifunza kusukuma lori. Upishi utakuwa mwepesi."

Ndivyo tunavyopendana. Aliniogesha, akanilisha, kisha akalichukua kopo langu akalitazama vile vitundu na kucheka. Buibui mdogo angepita hapo bila kuinama. Akanipa vichupa vinne vya dawa vilivyokwisha kuchemshwa, na pamba ya kuziba ili hewa ipite. Bila vichupa hivyo, leo ningekuwa naandika mpango wa kupika maandazi.

Rubya hadi Ngenge

Jumanne alfajiri niliondoka kwa miguu. Kwanza ni migomba na kahawa, kibanja kimoja kinaingia kwenye kingine, halafu unatoka kwenye nyanda za majani, halafu unateremka, na joto linaongezeka kadiri unavyoteremka. Njiani nilimkuta mzee mmoja mwenye baiskeli akienda huko huko. Alinibebea mzigo, na alitaka kujua ninakwenda kufanya nini. Nilikuwa nimechoka kuchekwa. Nikamjibu kwa ufupi kwamba natoka Bukoba, ni mwalimu, nakwenda kutazama kuta za nyumba. Kweli tupu. Buibui anakaa ukutani.

Mzee akanitazama kwa heshima mpya, akanirudishia mzigo wangu, akapanda baiskeli na kutangulia kwa kasi. Nilidhani amekumbuka jambo lake.

Nilipoingia Ngenge saa tisa nilikuta kijiji kipya, nyumba zimepangwa mstari mmoja kama gwaride la mgambo, na kila mwanamke yuko nje ya nyumba yake na ufagio mrefu. Vumbi lilikuwa limepaa. Walikuwa wanafagia kuta. Si sakafu, kuta, na pembe za dari, na nyuma ya milango. Watoto walikuwa wanabeba matandabuibui kwenye vijiti kwenda kuyatupa shimoni. Balozi wa nyumba kumi, mtu mrefu mwenye daftari kwapani, alinipokea kwa mikono miwili.

"Karibu sana, Ndugu Mwalimu. Tumepata habari kwamba umetumwa kukagua kuta. Kijiji chetu ni safi. Hutaona hata utando mmoja."

Sasa nilielewa mbio za yule mzee wa baiskeli. Mnajua miaka hii jinsi wanavyokuja watu wa kukagua vyoo, wa kukagua mashimo ya taka, wa kukagua mashamba ya kahawa, na kila mmoja anaondoka ameandika jina la mtu. Mgeni kutoka mjini anayetaka kutazama kuta zako angekuwa nani mwingine? Nilimweleza balozi kwamba mimi nawataka hao buibui wenyewe. Aliniangalia kama mtu anayetegewa mtego.

"Hatuna buibui, Ndugu Mwalimu."

"Ningefurahi mngekuwa nao."

"Tulikuwa nao zamani. Tumewaondoa."

Alinitembeza nyumba kwa nyumba. Kila ukuta ulikuwa mtupu, mwingine ulikuwa bado unadondoka maji. Kila mama alisimama mlangoni akisubiri nimsifu, nami niliwasifu, kwa sababu walikuwa wamefanya kazi ya siku tatu ndani ya saa tatu kwa ajili ya neno langu moja la uvivu. Nilitaka kulia. Siyo kwa ajili ya buibui tu. Nilijiona nimesimama mbele ya mkuu wa shule na vichupa vinne vitupu.

Nikauliza nyumba ya Bibi Leokadia, bibi yake Adventina. Balozi akakunja uso.

"Yule si wa kumpelekea mgeni. Nimemwambia afagie, amekataa."

Sijapata kusikia habari njema kuliko hiyo.

Kwa Bibi Leokadia

Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kwenye mstari, na ilikuwa na giza na ubaridi ndani, nyasi safi zimetandazwa sakafuni kama zamani. Mwenyewe alikuwa ameketi akitafuna buni za kahawa. Hakuinuka.

"Wewe ndiye wa kuta?"

Nilipiga magoti nikamsalimu kwa Kihaya, nikamweleza kwamba mimi ni mwalimu wa Adventina, na maneno aliyoyasema mjukuu wake darasani, na wino mwekundu, na upishi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanipa buni tatu nitafune, kisha akasema:

"Nilihamishwa kwenye kibanja changu nikaambiwa ni kwa faida yangu. Nikahama. Nikaambiwa nyumba iwe kwenye mstari. Nikaijenga kwenye mstari. Ukuta wa ndani ni wangu, mwana wange. Huyu anakula nzi wangu, kwa nini nimfukuze?"

Akaonyesha kwa kidevu pale juu ya mtungi.

Asingenionyesha nisingemwona. Alikuwa mdogo kama punje ya mtama, rangi ya majani makavu yenye madoa meusi, miguu myembamba kama nywele, na kifua kimevimba kupita tumbo. Hana utando wa kutegea. Alikuwa anatembea polepole mno, akipapasa mbele kwa mguu mmoja. Nzi mdogo alitua karibu naye. Buibui akasimama. Sikuona alichofanya, na mtu yeyote asiwadanganye kwamba aliona, ni upesi kuliko kufumba jicho. Kichwa kilitikisika tu, basi. Nzi akataka kuruka, akawa hawezi. Nilisogeza lenzi. Juu ya nzi kulikuwa na nyuzi mbili zilizokwenda upogo upogo, kushoto kulia, zimemshona kwenye udongo wa ukuta. Nilipiga kelele. Bibi alicheka mpaka akakohoa.

Tuliwapata wanne. Bibi mwenyewe aliwaelekeza kwenye vichupa kwa ubua. Tulipokuwa tukifanya kazi hiyo akaniuliza swali ambalo katika miaka yangu yote ya kufundisha hakuna mwanafunzi aliyeniuliza.

"Kama mate yake yanaganda hivi, mbona hayamgandi mwenyewe mdomoni?"

Nilifikiri sana kabla ya kumjibu. Nikamkumbusha utomvu wa mgomba. Ndani ya mgomba unapita kama maji. Ukikutonea kwenye nguo, unashika, na doa halitoki mpaka nguo ife. Kinachotokea ndani ya utomvu ni kingine, hilo nilimwambia, lakini njia inafanana: kitu kimoja, ndani ni maji, nje ni gundi. Protini za buibui ndani ya tezi zimekaa kila moja peke yake, zimejikunja kwenye maji. Akizitema kwa nguvu, zinavutika, zinapata hewa, zinashikana mikono. Yule mnyama wa kitabuni naye ndivyo. Hawa wawili hawana undugu wa karibu, kila mmoja amelipata jambo hilo kivyake.

"Hilo la kushikana mikono umeliona?"

"Hapana, Bibi. Waliosoma zaidi wanasema."

"Basi nenda ukalione," akasema.

Jioni alinitengea ndizi, na pembeni sahani ndogo ya senene waliokaangwa. Nikasema asante, nikala ndizi. Yeye akachukua senene mmoja akatafuna mbele yangu, taratibu, meno yake machache yakilia.

"Nimeanza mwaka alipokufa mume wangu. Nikasubiri nione nitapatwa na nini. Bado nasubiri."

Sikuonja hata hivyo. Mkono ulikataa, ule ule uliokuwa mwepesi wa kukusanya. Bibi hakunishurutisha. Asubuhi aliwafunga waliobaki kwa jani la mgomba, akakaza kwa ugwe, akaniwekea mapajani.

"Hawa ni wako. Usimpe mwanamume yeyote."

Ngenge hadi Bukoba

Kurudi kulikuwa na haraka na kuchoka tu. Balozi alinisindikiza mpaka nje ya kijiji akiuliza kama nitaandika jina la Bibi Leokadia. Nikamwambia nitaliandika, na nitaandika kwamba kuta zake ndizo bora kuliko zote Muleba. Hakuelewa, lakini aliridhika kwamba kuna jambo limeandikwa.

Rubya nililala, Alhamisi nikapata lori moja kwa moja hadi Muleba na basi la mchana. Barabarani nilifungua pamba kutazama. Buibui mmoja alikuwa amekufa kwa joto. Wa pili alikufa tulipokuwa tunabadilisha gurudumu. Wawili waliobaki niliwafunika kwa kanga yenye unyevu, nikakaa nao kifuani mpaka Bukoba, na aliyetaka kiti changu nilimwambia mimi ni mgonjwa.

Mkutanoni

Ijumaa walimu wote walikuwepo. Juu ya meza niliweka vichupa viwili, lenzi, kitone cha ute wa yai kwenye kioo, na chupa ya asidi ya nitriki kutoka maabara. Pembeni niliweka kile kifungu cha jani la mgomba, kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kukiweka. Mkuu wa shule alikitazama kabla ya kutazama kitu kingine chochote.

Niliingiza nzi kwenye kichupa cha kwanza. Buibui alikaa tu. Dakika tano. Mwalimu wa historia akaanza kukohoa. Mkuu akaitazama saa. Nikavua kitambaa changu cha kichwani nikafunika kichupa kiwe na giza, nikasubiri. Nilipofunua, nzi alikuwa ameshonwa kwenye kioo, na zile nyuzi za upogo upogo zilionekana hata bila lenzi mtu akielekeza mwanga.

Nikamtoa buibui, nikadondosha tone la asidi kwenye ute wa yai, na tone kwenye nyuzi, nikapasha moto kidogo. Yai likawa manjano. Nikawapa lenzi wapokezane. Nyuzi zilikuwa manjano hafifu, lakini manjano. Mwisho nikanyoosha kidole changu chenye baka. Ngozi yangu, yai, na mate ya buibui wa Ngenge, vyote vina protini, na asidi imevipaka rangi moja.

"Mbona hayamgandi mwenyewe?" akauliza mwalimu wa historia. Nikamjibu kama nilivyomjibu Bibi, na nikasema swali hilo limeulizwa kwanza na mwanamke wa Ngenge asiyejua kusoma.

Mkuu wa shule aliweka lenzi chini. Nilifungua andalio langu kwenye wino mwekundu, nikamsogezea na kalamu. Mwishowe akaandika chini yake: "Nimemwona." Akatia sahihi.

"Basi, sayansi ni yako," akasema. Akavuta pumzi, akatabasamu, akanyoosha mkono juu ya meza kuelekea kile kifungu cha jani. "Na umetukumbuka kwa senene. Hilo ndilo jambo la mwanamke mwenye adabu."

Hakuwa na ubaya, nataka mjue. Mwanamke akitoka safari na kifungu cha jani msimu huu, kila mwanamume wa Bukoba anajua ni cha nani. Hata mimi mikono yangu ilikwisha kuanza kumsogezea.

Nikairudisha. Nikakata ugwe kwa meno, nikafungua jani palepale katikati ya vichupa.

"Hawa ni wangu," nikasema.

Nikachukua mmoja, nikamtia mdomoni, nikatafuna. Ni wa mafuta na chumvi, wanavunjika kidogo kisha wanakuwa laini. Walimu wanaume kumi na mmoja walinitazama. Nilikula mpaka jani likabaki tupu, na mpaka leo nasubiri nione nitapatwa na nini.